Wavu Hauchemshi Gari

Kuna kauli inayorudiwa gereji hadi gereji, hata hakuna anayeuliza tena ilikotoka: ukiweka wavu mbele ya rejeta, gari litachemsha. Fundi anasema hivyo, dereva wa Noah anasema hivyo, na muuza spea pale Gerezani naye anakubali kwa kichwa huku akitafuta kitu kingine rafuni. Kauli ikishatoka, mazungumzo yamekwisha. Mwenye gari anaondoka na tundu la chini la bampa likiwa wazi vilevile, na wiki hiyohiyo anapanda barabara ya Morogoro kuelekea Dodoma, nyuma ya lori lililobeba kokoto bila turubai.

Mimi nadai kinyume chake. Wavu sahihi, uliofungwa inavyotakiwa, hauchemshi gari lolote ambalo halikuwa tayari njiani kuchemsha. Nadai pia jambo la pili ambalo mafundi hawatalipenda: kazi hii inafaa aifanye mwenye gari mwenyewe, kwa mikono yake, nyumbani kwake.

Chuchumaa mbele ya gari lako sasa hivi, uwashe tochi ya simu. Kwenye magari ya zamani hewa iliingia kwa juu, kupitia shoo yenye vyuma vilivyosimama karibukaribu, na jiwe lilipata shida kupenya. Kwenye mengi ya siku hizi shoo ya juu imezibwa kwa plastiki, ni sura tu, na hewa inaingia kwa tundu pana lililoko chini ya bampa, shubiri mbili tatu kutoka ardhini. Ingiza tochi humo. Ukuta wa kwanza utakaouona, wenye mistari myembamba ya kijivu, si rejeta. Ni kondensa ya AC. Rejeta iko nyuma yake, na nyuma ya rejeta kuna feni. Kondensa ndiyo inayopokea kila kitu kwanza, na ndiyo dhaifu kuliko vyote: mirija bapa ya alumini, na katikati ya mirija mapezi membamba unayoweza kuyakunja kwa ukucha. Ndani ya mirija hiyo, AC ikiwa inafanya kazi, gesi imebanwa kwa shinikizo linalozidi mara 10 lile la hewa tunayovuta.

Ukipita kwa fundi wa AC, mwombe akuonyeshe kondensa iliyotolewa kwa kuvuja. Utaona mapezi yamelala huku na kule, na mahali pamoja utaona doa la mafuta limeshika vumbi na kuwa jeusi. Gesi husafiri na mafuta ya kompresa, kwa hiyo palipotoboka huacha alama yake. Futa doa hilo kwa kitambaa. Chini yake kuna kishimo kidogo, na wakati mwingine jiwe lenyewe bado limebana kati ya mirija, dogo kama punje ya choroko. Punje hiyo ndiyo iliyomaliza gesi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara nne. Jiwe linalokugusa tu ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linatoboa ukiwa kwenye 100. Na hapo sijahesabu mwendo wa jiwe lenyewe, lililorushwa na tairi la basi linalokuja mbele yako.

Barabara zetu zina mawe ya aina hiyo kwa sababu zinazojulikana. Lami ya kumwagiwa, ile inayopakwa lami ya maji kisha kokoto juu yake, huwa na kokoto zisizoshikwa kwa siku nyingi baada ya wakandarasi kuondoka. Kando ya lami kuna bega la changarawe, na kila lori linaloegesha kisha kurudi barabarani linaleta changarawe nalo. Kisha kuna michepuko ya ujenzi. Anayesema wavu hauhitajiki hapa amesahau anaendesha wapi.

Sasa tuingie kwenye hoja yao kubwa, ya hewa. Wanasema wavu unaziba. Unaziba kiasi gani? Hili si suala la maoni, ni hesabu ya darasa la saba. Chukua wavu wa miraba wenye tundu la milimita 10 na waya wa milimita 1. Kila mraba, pamoja na waya wake, unachukua milimita 11 kwa 11, yaani 121. Tundu lenyewe ni 10 kwa 10, yaani 100. Zaidi ya asilimia 82 ya eneo iko wazi. Ukichagua tundu la milimita 6 kwa waya uleule, 36 kati ya 49 iko wazi, kama asilimia 73. Hewa ikishavuka hapo bado inapaswa kupenya kondensa nzima, kisha rejeta nzima, kisha ipite pembeni ya injini ya moto itafute pa kutokea. Kizuizi kikubwa kiko huko. Wavu mbele ya vyote hivyo ni mlango wenye pazia la shanga kwenye nyumba ambayo korido yake ni upana wa mtu mmoja.

Watajibu: na kwenye foleni, ambako hakuna upepo? Kwenye foleni feni ndiyo inayovuta, na inavuta hewa kwa mwendo mdogo kuliko ule wa barabara kuu. Ukinzani ambao wavu unauongeza kwa hewa unafuata mwendo wa hewa kwa kipeo cha pili. Mwendo ukiwa mdogo, ukinzani huo unakaribia kutoweka. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni ndipo mahali ambapo wavu una madhara madogo kuliko popote. Hoja yao imegeuzwa kichwa chini, miguu juu.

Na hawa wanaoogopa wavu hawaogopi vingine. Wanafunga kibao cha namba katikati kabisa ya tundu la hewa, na nyuma ya kibao hewa haipiti hata kidogo. Wanafunga taa kubwa za ziada mbili, nne, mbele ya shoo. Wanapigilia ngao za bomba nene. Sijasikia fundi akimwambia mteja aondoe taa hizo gari lisichemshe. Waya wa milimita 1 ndio umebebeshwa lawama.

Lakini hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni nyingine, na nashangaa haisemwi. Nafasi kati ya pezi na pezi kwenye rejeta au kondensa haizidi milimita 2. Maana yake, wavu mwembamba kuliko wote kwenye gari lako ni rejeta yenyewe. Uchafu wowote unaonaswa na wavu wa milimita 6, iwe jani, mfuko wa plastiki, kumbikumbi wa mvua za vuli au mbegu za nyasi, usingepita kwenye mapezi hata ungeuachia njia. Ungenasa tu, sasa hivi au baada ya hatua moja. Hapa hatuchagui kati ya kunasa na kutonasa. Tunachagua uchafu unase wapi: mbele, kwenye wavu ambao unaufuta kwa brashi ya kufulia kwa dakika chache, au ndani, kwenye upenyo mwembamba kati ya kondensa na rejeta, ambako kuusafisha ni kushusha bampa na kulegeza vitu ambavyo havikutaka kuguswa. Magari mengi yanayochemsha kwa uchafu yamezibwa hapo katikati, mahali ambapo mwenye gari hajawahi kupaona. Anayefukuza wavu kwa sababu unakusanya uchafu anafukuza kitu kwa kufanya kazi yake.

Basi gari huchemka kwa nini? Tuseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo lawama inapopaswa kwenda. Linachemka kwa sababu ya themostati iliyotolewa. Kwetu ni desturi: gari likifika kutoka Japani, fundi anaing'oa themostati na kuitupa, kwa maelezo kwamba nchi yetu ina joto na haihitaji. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi peke yake. Inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kuendelea, na kwenye baadhi ya injini, zikiwemo za Toyota, inapofunguka inafunga njia ya mkato ya maji kwa wakati uleule. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Barabara tambarare hutajua. Utajua ukiwa katikati ya mlima Kitonga na mzigo.

Linachemka kwa sababu ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 kinashikilia shinikizo linalofanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Springi yake ikichoka, au kikibadilishwa kwa chochote kilichopatikana, maji yanachemka kwenye 100, na chini ya hapo ukiwa nyanda za juu. Linachemka kwa maji ya bomba yaliyojazwa miaka na miaka badala ya kulanti, hadi mirija ikaota kutu na chokaa. Linachemka kwa feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye swichi baada ya sensa kuharibika, na dereva akasahau kuwasha. Linachemka kwa rejeta iliyowahi kutoboka na fundi akaziba mirija mitatu minne badala ya kuitengeneza, kwa sababu rejeta za sasa ni alumini na vichwa vya plastiki, hazikubali kuchomelewa kwa risasi kama zile za shaba za zamani. Na hiyo ya mwisho inaturudisha kwenye jiwe. Rejeta ilitobolewa na nini?

Nawapa haki yao mahali pamoja. Wapo waliofunga wavu na gari likachemka kweli, na wanasimulia walichokiona. Ukiuliza wavu gani, mara nyingi ni wavu wa mbu wa dirishani, tena umekunjwa mara mbili. Wavu huo, tundu zake zikiwa kama milimita 1.2, unaanza ukiwa na theluthi moja ya eneo imezibwa. Mvua moja ya kumbikumbi au kilomita chache za vumbi lenye unyevu zinaumalizia. Kule Botswana na Namibia, ambako watu wanaingia porini kwenye njia zenye nyasi ndefu katikati, hutumia wavu mwembamba wa namna hiyo kuzuia mbegu, lakini wanautumia kwa nidhamu: wanausafisha mara kwa mara safarini, na wakirudi kwenye lami wanauvua. Huku kwetu unafungwa na kusahaulika. Kosa ni la chaguo na la matunzo, na halitoshi kuhukumu kila kitu chenye matundu.

Kisha wapo wanaosema kama wavu ungekuwa na maana, kiwanda kingeuweka. Kiwanda huweka kinapojua mashine inakwenda wapi. Angalia trekta. Fungua kifuniko cha mbele cha trekta nyingi zinazolima mashamba yetu utakuta wavu mbele ya rejeta, umetengenezwa uchomolewe kwa mkono, ukung'utwe makapi na kurudishwa. Trekta linafanya kazi kutwa nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ikiwa imebebeshwa mzigo mzito kuliko gari lako litakavyowahi kubeba, kwenye jua la saa nane. Kama wavu ungechemsha injini, tusingelima. Aliyeunda IST au Probox alikuwa anafikiria barabara za Nagoya na Sapporo. Hakumfikiria mwalimu wa Manyoni anayekuja kuinunua mitumba na kuipeleka kijijini. Hilo si kosa lake, wala si sababu ya sisi kukaa mikono mitupu.

Nimesema kazi aifanye mwenye gari, na sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi. Wavu ni kitu cha kusafishwa. Atakayeusafisha ni nani? Fundi anaona gari lako likiharibika tu. Wewe unaliona kila asubuhi. Aliyeufunga wavu kwa mikono yake anajua kamba ziko ngapi na ziko wapi, anajua unatoka kwa upande gani, na akiona umejaa hatasubiri kuandaa safari ya gereji. Aliyefungiwa hajui hata kama upo. Kuna sababu nyingine: kazi hii inataka subira, na subira haiuzwi gereji. Fundi anayelipwa kwa kazi ataufunga wavu kwa njia ya haraka kuliko zote, nayo ni kuufunga juu ya kondensa yenyewe. Ukigusana na mapezi, jiwe likigonga wavu, wavu unagonga mapezi. Umenunua kinga inayopeleka pigo kwa kile inachokilinda.

Kazi yenyewe, kwa anayetaka. Kata boksi gumu upate umbo la tundu la bampa. Jaribu, punguza, jaribu tena hadi likae bila kulazimishwa. Ukimaliza na boksi ndipo uende duka la vifaa vya ujenzi. Achana na wavu wa kuku, tundu zake ni kubwa na waya wake unalegea. Tafuta wavu wa miraba wenye tundu kati ya milimita 6 na 10, au bati la alumini lililochanwa na kuvutwa hadi likawa na matundu ya almasi. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, alumini ni bora, au chuma cha pua; wavu wa chuma uliopakwa zinki utaliwa na chumvi ya bahari, na usiuache uguse alumini ya kondensa hata kidogo, maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi moja huliwa kwa ajili ya nyingine.

Pachika boksi juu ya wavu, chora, kisha ukate kwa mkasi wa bati ukiacha ziada ya upana wa kidole gumba pande zote. Vaa glovu, waya uliokatwa unachana kama wembe. Ziada hiyo ikunje kuelekea nyuma, uigonge taratibu kwa nyundo juu ya ubao hadi ukingo uwe laini na mgumu. Ukingo uliokunjwa ndio unaoufanya wavu usimame wenyewe bila kupinda katikati. Ukipenda rangi nyeusi, nyunyiza ya kopo kwa matabaka mepesi, ukiacha kila moja likauke. Rangi ya brashi nzito itajaza matundu na kuwapa wabishi ushahidi walioukosa.

Kufunga: wavu ukae nyuma ya plastiki ya bampa au shoo, mbele ya kondensa, na kati yake na kondensa pabaki angalau vidole viwili. Tumia kamba za plastiki za kufungia nyaya, nyeusi, kwa sababu nyeupe hukatika kwa jua. Zungushia vijiti vya plastiki vya bampa yenyewe. Usifunge kwenye bomba la AC wala bomba la rejeta, wala usitoboe bampa kwa drili wakati kuna pa kupitisha kamba. Palipo na mguso wa plastiki na chuma, weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli usisikie mlio safarini. Magari mengi yanakubali kazi yote ifanyike kwa kupitisha mkono chini ya bampa. Yale yasiyokubali, klipu za juu ya bampa hutoka kwa bisibisi bapa, taratibu, bila kuzivunja. Kwenye haiburidi, nyaya nene za rangi ya chungwa usizishike kabisa. Na kama gari lako ni la miaka ya karibuni lenye rada ya kupima umbali wa gari la mbele, tafuta ilipo kwanza. Mbele yake usipitishe chuma, maana itapofuka.

Kamba nne hadi sita zinatosha. Kata mikia yake, piga honi uone kama haijaguswa, funga boneti uone kama loki inashika.

Baada ya hapo, mwenye shaka asibishane nami, apime. Mshale wa dashibodi usikutoshe, kwa sababu kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, na magari mengi madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kinachotuma joto halisi la maji kwenye simu, na bei yake haimshindi mtu anayemiliki gari. Chagua mlima mmoja, saa ileile ya siku, mzigo uleule, AC ikiwa imewashwa. Panda bila wavu uandike namba. Funga wavu, panda tena, uandike. Dereva asishike simu. Mpe abiria kazi hiyo. Fundi aliyekuambia gari litachemsha mkaribishe akae kiti cha mbele asome mwenyewe. Namba zikipanda kwa namna inayotisha, kamba ni chache, zikate hapohapo kando ya barabara. Zisipopanda, muulize kuhusu themostati.